Kadari, Kadiri na Tairi la Pikapu Kuukuu

Pikapu iliyobeba watu na magunia inapopasua tairi na kupinduka, neno la kwanza kusikika msibani ni kwamba siku zao zilikuwa zimefika. Ni neno la faraja, na mfiwa ana haki ya kufarijiwa. Lakini neno hilohilo likitoka msibani likaingia gereji, likawa jibu la kila swali kuhusu gari, huacha kuwa faraja likawa kificho. Naamini kwamba anayetaja kadari kabla ya kuuliza kadiri hamtukuzi Mungu, bali anamsingizia. Maneno hayo mawili tumeyapokea kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu, pamoja na kudura, makadirio na kukadiria, na mzizi huo unabeba uwezo na kipimo kwa wakati mmoja. Sura ya Al-Qamar inawafundisha Waislamu kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Ikiwa ndivyo, basi uzito ambao tairi linaweza kuuhimili nao umo ndani ya mpangilio huo, na kuudharau si tawakali.

Tazama ubavu wa tairi lenyewe. Hilux nyingi za zamani, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, hutumia tairi la 195R14C. Hiyo C inasema ni tairi la gari la mizigo. Mbele yake mara nyingi utakuta 106/104: namba ya kwanza maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja likiwa peke yake, na ya pili kilo 900 kwa kila tairi yakifungwa mawili mawili. Sasa liweke kando ya tairi la gari dogo, 195/70R14, lenye namba 91. Upana ni uleule, rimu ni ileile ya inchi 14, ila hilo la pili limepimiwa kilo 615. Ekseli ya nyuma yenye matairi mawili ya aina ya kwanza imepewa kilo 1,900. Yenye mawili ya aina ya pili imepewa 1,230. Tofauti ni kilo 670, yaani zaidi ya magunia saba ya mahindi ya kilo 90. Kwa macho ya haraka matairi hayo ni ndugu. Fundi atalivisha lolote kati ya hayo, atalijaza upepo, na gari litaondoka.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia, kwa sababu kinatenganisha kuingia na kufaa. Kitu kinaweza kuingia bila kufaa. Chukua rimu ya stadi sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7: mpangilio huo wanautumia Toyota, Nissan, Isuzu na Mitsubishi kwenye pikapu zao nyingi, na kwa hiyo rimu huhama kutoka gari moja hadi jingine kama mwiko wa jirani. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ya aina hiyo lina kipenyo cha takriban milimita 106, wakati kitovu cha Mitsubishi L200 kinataka tundu la 67. Rimu ya Toyota itaingia kwenye stadi za Mitsubishi bila ubishi, halafu itabaki inaning'inia kwenye stadi peke yake, haijashikwa katikati, na usukani utaanza kutetemeka. Hata nati zina lao. Nati ya rimu ya chuma ina mwisho wa koni unaokaa kwenye shimo la koni. Nati za rimu nyingi za aloi zilizotoka kiwandani kwa Toyota zina shingo nyoofu na washa bapa. Ukizibadilisha zitajifunga, na spana itagoma kama inavyogoma kwa nati iliyokaza sawasawa, ilhali zimegusa mahali padogo tu. Mkono hauwezi kujua. Anayejua ni mtu aliyeinama akatazama.

Atakayesema haya ni mambo madogo, na atazame yaliyokwisha kutokea. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza Marekani kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yao yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari lililojengwa juu ya msingi wa pikapu ya Ranger. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa mwendoni. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilipita 200, na matukio mengi yalitoka majimbo ya joto kama Texas na Florida. Sehemu kubwa ya mvutano baina ya kampuni hizo mbili ilihusu upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikataka 30. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma zilizo ndani yake. Mwaka 2012, kusini mwa Uingereza, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilitoka barabarani baada ya tairi la mbele kupasuka, wakafa watu watatu. Tairi hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, na kashata zake zilikuwa bado nzima. Ilichukua hadi Februari 2021 kwa nchi hiyo kupiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za mabasi na malori. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na kashata hazisemi umri.

Mwenye imani atanijibu kwamba hata tairi jipya hupasuka, na kwamba hakuna jani linaloanguka bila Mungu kujua. Ni kweli, wala sina nia ya kulipunguza hilo. Ila wacha Mungu wa kale hawakulielewa kama ruhusa ya kufumba macho. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab akiwa njiani kwenda Shamu alipata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake huko Shamu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba wanaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, kisha akampa mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye kingo mbili, mmoja wenye malisho na mwingine mkavu: popote atakapolisha, analisha kwa kadari. Ninavyouelewa mfano huo, kadari haikumpunguzia mchungaji kazi ya kuchagua ukingo. Kwa upande wa Wakristo na Wayahudi, Kumbukumbu la Torati katika sura ya 22 inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo pembezoni mwa dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo haibishani na Mungu kuhusu nani ataanguka lini. Inamwambia mwenye nyumba kuwa anajua dari lina ukingo, na kujua kwake kumempa deni. Tairi lenye kilo zake zimeandikwa ubavuni ni dari la namna hiyo, na mwenye pikapu ndiye mwenye nyumba.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mtu anayeendesha pikapu ya miaka 30 haiendeshi kwa mapenzi ya mambo ya kale; ndiyo aliyoweza kuinunua, na inamlishia watoto. Kumwambia anunue matairi manne mapya ya mizigo kunaweza kuwa sawa na kumwambia alaze gari. Nalikubali hilo, na nakataa mahubiri yanayomlaumu yeye peke yake huku yakimwacha anayechonga kashata za uongo kwenye tairi kipara kwa wembe wa moto, au anayelipaka rangi nyeusi ili ling'ae dukani. Hata hivyo kufaa na kuwa ghali ni vitu viwili. Tairi jembamba la kipimo cha asili kwenye rimu yake ya chuma aghalabu hugharimu kidogo kuliko pana la kwenye rimu ya aloi. Na asiye na tairi la kilo 950 bado ana kadiri nyingine mkononi mwake: apunguze magunia, apunguze mwendo, apime upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Anapokataa hata hayo, swali linageuka. Aliyeketi juu ya magunia kule nyuma, mama anayewahi gulio au kijana aliyepewa lifti, hajapata kuuona ubavu wa tairi lile wala hajui tarakimu zake. Amempa dereva roho yake kama amana. Dini hizi zote zinaihesabu amana kwa ukali, na sijaona mahali ambapo umaskini wa aliyeaminiwa unamruhusu kuitumia mali ya aliyemwamini.

Kuna na wale wa urembo, wanaoivisha pikapu kuukuu rimu pana na matairi yanayotokeza nje ya madigadi. Sipingi urembo, chombo kinachotunzwa hupendeza. Lakini Hilux iliyotoka kiwandani na 205R16 ikivishwa 265/70R16, kimo cha tairi kinaongezeka kwa takriban asilimia 5. Mshale ukisoma 80, gari liko 84 au zaidi, na breki zilizopimwa kwa tairi dogo sasa zinasimamisha gurudumu kubwa na zito. Rimu ikisukumwa nje kupita kipimo chake, beringi hubeba mzigo kwa pembe ambayo hazikuundiwa. Gari ni lako, barabara ni ya wote.

Kwa hiyo nawaomba maimamu, wachungaji na mapadri waliseme hili siku ambayo hakuna msiba, watu wakiwa wametulia na wanaweza kusikia. Na kwako wewe mwenye pikapu: umri wa tairi umeandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Mara nyingi huchapwa upande mmoja tu, na kama tairi lilivishwa upande huo ukitazama ndani, itakubidi uingie chini ya gari na tochi.