Maji ya Kaskazi ni ya Nani?

Kila mwaka, baina ya Disemba na Machi, upepo wa Kaskazi huvuma katika pwani yetu, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na mvua za mwaka bado hazijafika. Hii ndiyo miezi ya joto na ukavu. Ndiyo pia miezi ambayo watu huhitaji maji zaidi: ya kunywa, ya kuoga mara mbili au tatu kwa siku, na ya kunyunyiza ua upate kupoa. Basi haja huzidi wakati ule ule ambao maji hupungua. Kwa hivyo yatupasa kujiuliza: Je, mwenye kisima ndani ya ua wake, au mwenye kulipia mfereji wake bila ya deni, ana haki ya kuyatumia maji vile apendavyo?

Jawabu lisikikalo sana mitaani ni hili: "Mali ni yangu, na maji nimeyalipia, ya mwenzangu yanihusu nini?" Sisi twaona kwamba maneno haya hayasimami, si kwa akili wala kwa sheria.

Tuanze na akili. Mwenye kisima husema maji ni yake kwa kuwa ardhi ni yake. Lakini miji yetu mingi imesimama juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Mvua hupenya humo, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaingiayo kutoka baharini. Maji hayo hayajui mipaka ya nyua zetu. Mtu mmoja akitia pampu na kuvuta mchana kutwa kwa ajili ya bustani na kuosha magari, maji matamu hupungua na ya chumvi hupanda. Huenda kisima cha kwanza kuharibika kisiwe chake, bali cha jirani yake, mjane asiye na pampu, ambaye tangu siku hiyo hana budi kununua mtungi kwa mtungi kwa mwenye mkokoteni. Je, bado twaweza kusema kwamba bwana huyu ametumia mali yake tu? Watu wa Lamu wayajua haya vizuri, kwani visima vya mji wao vyategemea mvua ihifadhiwayo na vilima vya mchanga vya Shela.

Na mwenye mfereji, yeye amenunua nini? Mombasa hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililoanza kazi mwaka 1957. Maji hayo asili yake ni mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu na kupenya katika miamba. Tunacholipia ni bomba na kazi ya watu. Ama mvua yenyewe, hapana aliyeiuza. Tena bomba ni moja na mitaa ni mingi: aachaye mfereji wazi mwanzo wa bomba humpunguzia aliye mwisho wake.

Ama kwa sheria, Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba watu ni washirika katika maji, na amekataza mtu kuzuia maji yaliyozidi haja yake. Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Mtume akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni kadiri ya ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Haifiki lita moja. Msomaji na aweke ndoo chini ya mfereji atawadhapo, kisha apime mwenyewe umbali uliopo baina yake na Mtume wake.

Pengine mtu atasema kwamba tahara ni katika imani, basi hapana ubahili katika tahara. Ni kweli, lakini kuzidisha si tahara. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba kuzidisha mara tatu katika udhu ni makuruhu hata ukiwa kando ya mto, na kwamba kuzidisha hivyo kwa maji yaliyowekwa wakfu kwa kujitahirishia ni haramu. Basi mara ngapi ibada yetu yaanza kwa makosa mlangoni mwa msikiti!

Wazee wetu walitawadha kwa kata birikani, na wakanywa maji baridi ya mtungi wa udongo. Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Aliyevuta maji kwa mikono yake hakuyamwaga ovyo, kwani kamba ilikuwa ikimfundisha kila siku. Leo kamba haipo. Tone na pipa huja kwa kugeuza kidole. Mwalimu huyo ameondoka, na badala yake hapana ila uchamungu.

Hatusemi mtu avumilie jasho asikoge, wala mtoto alale na kiu. Twasema atosheke na ndoo. Atengeneze mfereji uvujao leo, asingoje kesho. Avune maji ya dari lake katika mvua za vuli. Na mwenye kisima chenye ziada asimfungie jirani mlango. Na wasimamizi wa misikiti waelekeze maji ya udhu kwenye miti badala ya mtaroni.

Mji wa kale wa Gedi, karibu na Malindi, ulihamwa katika karne ya 17. Wachimbuzi waliona kwamba kisima kando ya Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, na kushuka kwa maji kumetajwa miongoni mwa sababu za kuhamwa kwake. Kuta zingalipo, mihirabu ingalipo, na wenyewe hawapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru neema kabla ya kuondoka kwake. Amin.