Aangukaye Motoni, Nani Atamwinua?

Mtu mwenye kifafa aangukapo karibu na meko, yawapasaje walio karibu naye? Swali hili si la madaktari peke yao. Ni la kila mwenye mikono miwili. Twataka kulitafakari kwa habari za Daktari Louise Jilek-Aall, mwanamke aliyezaliwa Norwei.

Mwaka 1959 alifika Tanganyika, angali kijana. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, aliwakuta watu wengi wenye kifafa, na wengi wao walikuwa na makovu ya moto. Sababu yake ilikuwa hii: watu waliamini ya kuwa mate na povu la mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo alipoanguka motoni, hata ndugu zake waliogopa kumgusa. Wengine walikaa katika vibanda vya peke yao, wakala peke yao.

Tusifanye haraka kuwahukumu. Mama aliyemzuia mtoto wake asimkaribie mgonjwa alidhani kwamba anamlinda. Na sisi je? Tumepata kuona mtu akianguka katikati ya ibada, na mara mabenchi ya karibu yakawa matupu. Twakiri kwa haya kwamba nasi siku ile tulisimama kando.

Labda mtu atasema, Asiyejua hana kosa. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Daktari yule naye hakujua kwa nini kifafa kimezidi Mahenge. Hata hivyo alianzisha kliniki, akawapa wagonjwa fenobabitali, dawa itumikayo kwa kifafa tangu 1912, na wengi walipata nafuu. Mwaka 1965 alitoa maandiko juu ya kifafa cha Wapogoro. Tena aliwaangalia watoto walioinamisha kichwa mara kwa mara kama wasinziao, jambo ambalo wataalamu walikuja kulichunguza kwa bidii katika Sudani Kusini na Uganda miaka mingi baadaye. Yeye mwenyewe alihamia Kanada, akawa daktari wa magonjwa ya akili na mwalimu wa chuo kikuu, lakini hakuwasahau watu wa Mahenge. Alirudi kwao tena.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni waonyesha kwamba kifafa huzidi katika vijiji vyenye ugonjwa wa minyoo uletwao na usubi, inzi mdogo azaaye penye mito iendayo kasi. Elimu hii ilikuja baada ya nusu karne. Kama daktari yule angalingoja kujua yote ndipo atende, ni wangapi wangaliungua? Basi kutojua si kosa. Kosa ni kuiacha hofu ya kutojua iwe bwana wa mikono yetu.

Wako wasemao kwamba kila kifafa ni pepo, wakamnyang'anya mgonjwa dawa zake. Hao hutaja habari ya Injili, ya kijana aliyetupwa mara nyingi motoni na majini. Lakini na waisome hata mwisho: Bwana hakumkimbia, alimshika mkono, akamwinua. Ampaye mgonjwa dawa hashindani na tendo lile, alifuata.

Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba katika wagonjwa kumi, hata saba waweza kuishi bila kuanguka, wakitibiwa ipasavyo. Lakini dawa hutaka kumezwa kila siku, na aiachaye ghafula huweza kuanguka vibaya kuliko kwanza. Huruma ya siku moja haitoshi. Ninyi walimu wa vijijini, mwendapo nyumba kwa nyumba, ulizeni pia: Dawa ingalipo?

Na mtu akianguka mbele yenu, mwondoeni penye moto na maji. Wekeni kitu laini chini ya kichwa chake, mlazeni kwa ubavu, wala msimtie kitu kinywani. Dakika tano zikipita naye hajatulia, mpelekeni hospitali. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Kaeni naye hata azinduke, ili afumbuapo macho aone uso wa mtu, wala si mabenchi matupu.