Nani Alibeba Mizigo?



Vijana wetu wa Kasulu walipokwisha kutazama sinema ya zamani iitwayo The African Queen, mmoja wao alituuliza, "Wale waliochomewa nyumba walikwenda wapi?" Tulishindwa kumjibu, maana sinema yenyewe haisemi.

Sinema hiyo ilipigwa mwaka 1951 katika Kongo na Uganda, nayo yahusu vita ya 1914 katika nchi yetu, wakati wa Wajerumani. Inaanza kanisani. Waafrika wanaimba wimbo wa dini kwa makelele yasiyo na maneno, kisha wanagombea kipande cha sigara alichotupa Mzungu. Sisi tuliozoea kwaya za Buha tulicheka kwanza, halafu tukanyamaza. Askari wanachoma kijiji. Mmisionari anaugua kwa huzuni na kufa, nasi twaongozwa kumlilia. Watu wa kijiji hawaonekani tena. Hatukumbuki hata mmoja wao aliyetajwa kwa jina.

Wengine watasema kwamba hii ni hadithi ya mapenzi, si somo la historia. Ni kweli, mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Meli ya Wajerumani inayozamishwa mwishoni imefananishwa na Graf von Götzen, ambayo kwa kweli Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, baada ya kupaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Kubadilisha mwisho wa meli si kosa kubwa. Meli haina uchungu.

Lakini mtu je? Katika vita hiyo Waingereza walivusha mashua mbili, Mimi na Toutou, milimani mwa Kongo mpaka ziwani mwaka 1915. Waafrika walikata miti na kutengeneza njia, na akina mama walibeba maji kichwani kwa ajili ya mashine za mvuke zilizovuta mashua hizo. Kwa pande zote wapagazi walikufa kwa makumi elfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi. Sinema haikusema uongo juu ya watu hao, iliwaacha tu. Hata hivyo twaona kwamba kumwacha mtu namna hiyo ni kumshuhudia vibaya, kwa sababu atazamaye anafundishwa ni nani wa kuhurumiwa na ni nani wa kupitwa kama mti wa njiani. Akitazama sinema kumi za namna hiyo, somo limeingia, wala hajui kwamba alikuwa darasani. Tumewasikia vijana weusi wakimshangilia shujaa huku watu wenye rangi yao wakianguka nyuma yake.

Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Tangu 1972 wakimbizi kutoka Burundi wameingia Kibondo na Kasulu, na Wakongo wakaja Nyarugusu mwaka 1996. Ng'ombe akipotea, tunasema "wakimbizi" kabla hatujauliza. Tumelima pamoja nao, tumeimba nao, tumezika nao, na bado wengi wetu hatuwezi kutaja majina ya watatu. Hiyo nayo ni sinema, ila sisi ndio tuliyoipiga.

Yule kijana alituuliza pia kama babu zake wa Buha walibeba mizigo ya vita, ya Wajerumani au ya Wabelgiji waliotwaa Kigoma mwaka 1916. Tulikwenda kwa wazee. Mmoja alitutajia majina mawili na kijiji kimoja, akaomba muda wa kukumbuka. Wenye majina mengine, tafadhali yaleteni ofisi ya parishi siku yoyote baada ya ibada. Daftari lipo mezani.