Anakua au Kinakua?

Nimekwama kwenye kiambishi. Nilitaka kuandika kwamba ndani ya kisahani cha maabara, kwenye majimaji ya rangi ya waridi, kipo kipande cha tishu ya ubongo wa binadamu kisichozidi punje ya dengu. Nilipofika kwenye kitenzi, kalamu ikasita: kinakua, au anakua?

Kiswahili hakikuachii ukae katikati. Mbu anauma. Kifaru, pamoja na "ki" yake, amelala. Mgomba una uhai tele, lakini unazaa na unaanguka, wala hakuna anayeuonea haya. Na mimba je? Muuguzi atasema mimba imeharibika. Mama mwenyewe atasema mwanangu ameondoka. Msiba mmoja, siku moja, viambishi viwili.

Kitu chenyewe huitwa organoidi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya ngozi ya panya ikiingiziwa jeni 4 hurudi utotoni na kuwa seli shina. Mwaka uliofuata ikawezekana kwa seli za binadamu. Mwaka 2013, mjini Vienna, Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich wakaeleza jinsi seli za namna hiyo, zikilishwa, zikafungiwa kwenye tone la jeli na kuzungushwa polepole, zinavyojipanga zenyewe kama ubongo unaoanza: tabaka hapa, uwazi wenye majimaji pale. Hakuna fundi anayezielekeza. Hufika milimita 4 hivi, kisha seli za katikati huanza kufa kwa kukosa oksijeni, maana mishipa ya damu hakuna.

Faida yake imeonekana. Virusi vya Zika, vyenye jina la msitu wa karibu na Entebbe vilikogunduliwa mwaka 1947, viliposhukiwa huko Brazili kuwa ndivyo vinavyosababisha watoto kuzaliwa na vichwa vidogo, watafiti walivitia kwenye organoidi mwaka 2016. Seli changa zikafa, organoidi zikadumaa. Hakuna mjamzito aliyeguswa kwa jaribio hilo. (Nimeandika "zikafa", lakini betri nayo hufa; kitenzi hicho hakinisaidii.)

Kilichoniyumbisha ni taarifa ya mwaka 2019 kutoka San Diego. Kundi la Alysson Muotri lilipima organoidi zilizolelewa kwa miezi, likakuta mawimbi ya umeme yanayofanana kwa kiasi na ya watoto njiti. Mtoto njiti ana "a" isiyo na mjadala. Je, tumpe na huyu? Ona, nimeshateleza: nimesema "huyu".

Hapana. Ukipita usiku ukasikia friji inanguruma ndani ya nyumba, hujajua kama mwenyewe yumo, utapiga hodi. Organoidi haina mlango wa kubishwa hodi. Haina sikio, haina ngozi, haina njaa. Mtoto njiti, hata akiwa na mipira puani, ukimgusa kiganja hukishika kidole chako.

Nadhani "a" yetu haikuwahi kuuliza habari za akili. Mbu hakufanyiwa mtihani. Alipewa kwa sababu anatafuta kitu na anakwepa kofi. Kuwa na ubongo wa binadamu, au kipande chake, si kutaka. Wala "a" si kinga: mbu tunamuua huku tukimwita yeye.

Ila mwaka 2022, Sergiu Pașca na wenzake huko Stanford walipandikiza organoidi za binadamu kwenye bongo za panya wachanga. Panya walipokua na kuguswa sharubu, baadhi ya seli za binadamu ziliitika. Mlango umepatikana, ingawa ni wa nyumba ya mwingine. Panya anaguswa, hilo halina shida. Shida ni kusema ni nani mwingine anayeguswa.

Kile cha kwenye kisahani nakiandikia "kinakua". Cha ndani ya panya bado sijakipatia kitenzi.