Bwana Arusi na Waliomtumikia

Ndugu Waislamu, katika miji yetu kijana akishaposewa mke hukaa kando kama mgeni. Mama na shangazi ndio wapangao, mjomba ndiye akopaye, naye hungoja kuvikwa joho. Haya si mwendo wa mwanamume. Mahari ni wajibu wake, na walima ni wake, kwa kadiri ya uwezo wake. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipomwarifu Mtume (s.a.w.) kuwa ameoa kwa dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende, Mtume alimuombea baraka, kisha akamwamrisha yeye mwenyewe afanye walima, japo kwa mbuzi mmoja. Mjomba hakutajwa. Na Mtume alipomuoa Bibi Safiyya, karamu ilikuwa tende, samli na maziwa makavu. Mkate haukuwako wala nyama. Nani kwetu leo angethubutu?

Kisha wako waalishi waliozunguka nyumba kwa nyumba, vijana waliokesha na masufuria, na rafiki waliomsindikiza msikitini. Wengi wao hurudi makwao na njaa, hali wenye vyeo wamekwisha kula sahani ya pili. Mtume ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi fungate ikisha, bwana arusi asitume mtu. Awaendee mwenyewe, awaombee dua mmoja mmoja, na aliyetoa fedha zake kununua mchele arudishiwe kabla hakijanunuliwa kitanda kipya.