Nauli ya Sumbawanga

Kabla ya Machi 2012, mkazi wa Mpanda mwenye shida ya kumalizwa ofisi ya mkoa alilazimika kwenda Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Nauli, malazi, siku za shamba zilizopotea, na pengine afisa mwenyewe kasafiri. Mwaka huo mkoa wa Rukwa ukamegwa, Katavi ikazaliwa na Mpanda ikawa makao makuu yake. Ilikuja pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Songwe ikafuata mwaka 2016, kutoka Mbeya. Kwa mtu yule, "kusogeza huduma karibu na wananchi" hayakuwa maneno ya jukwaani. Ilikuwa nauli iliyobaki mfukoni.

Naanza na hilo makusudi, kwa kuwa siku hizi ni rahisi mno kuona kila mkoa mpya ni ulaji. Lakini Katavi ndiko kwao Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati ule. Sisemi alijipendelea, ule umbali wa Sumbawanga ni hoja tosha. Nasema tu kwamba kiongozi ambaye kwao ndiko kunakonufaika ana deni kubwa la maelezo kuliko wenzake: watu wangapi, eneo kiasi gani, gharama nani atazibeba. Akinyamaza, hata uamuzi mzuri hutiliwa shaka, na shaka hiyo humwangukia atakayekuja kesho na hoja safi.

Machi 2021, kwenye mazishi ya Rais Magufuli, ombi la Chato, kwao marehemu, kuwa mkoa lilitolewa hadharani. Watu walikuwa katika majonzi, na kuitikia palepale kungepokewa kwa shangwe. Rais Samia akataka taratibu zifuatwe na vigezo vitazamwe. Nililiheshimu jibu lile, na bado naliheshimu.

Kuna jambo hatulisemi vya kutosha. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, hapigiwi kura. Mkoa mpya humsogezea mwananchi ofisi, lakini haumpi kura ya kumwondoa anayeikalia. Basi sauti yake inabaki kule mipaka inakojadiliwa: mkutano wa kijiji, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya mkoa. Vikao hivyo vikifanywa muhuri tu, amebakiwa na nini?

Namfikiria mtu wa Busega, wilaya iliyotoka Mwanza ikaingia Simiyu. Bariadi, makao makuu ya mkoa wake mpya, ni karibu kuliko Jiji la Mwanza. Ila barabara ya Musoma inapita kwake, samaki wake huuzwa Mwanza, na nduguye anafanya kazi huko. Kwenye ramani amesogezewa huduma. Yeye bado anasimama kando ya lami pale Nyashimo, akisubiri basi la Mwanza, na siku akiwa na shida ya mkoa huvuka kwenda upande wa pili kungoja la Bariadi.