Habari ya Asili Iliyofichwa

Mzazi akifa, baada ya matanga huja siku ya kufungua kasha lake. Ndipo huonekana madeni yake, na pengine habari ya asili ambayo hakuitaja maisha yake yote. Jambo hili la pili liko katika nyumba nyingi za pwani kuliko watu wanavyokiri.

Twajua nyumba moja ambayo baba aliwaambia wanawe siku zote kwamba wao ni waungwana, wenyeji wa Unguja tangu kale. Alipofariki wakakuta hati ya uhuru ya babu yao, aliyoipata baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja. Kumbe babu alikuwa mateka wa bara, tena jina la ukoo walilojivunia lilikuwa la bwana wake. Ndugu mkubwa akataka hati ichomwe upesi, maana binti yake alikuwa amekwisha kuposwa. Mdogo akakataa. Wakakaa siku nyingi hawasemezani.

Je, marehemu alikuwa mwongo? Hatuthubutu kusema hivyo kwa haraka. Uhuru wa sheria haukuondoa tusi. Mtu aliyekombolewa aliendelea kuitwa mtumwa wa fulani, na wanawe wakaambiwa hawana kwao. Baba ajuaye hayo, naye ana watoto wadogo, hunyamaza ili mzigo uishie kichwani pake. Walakini kunyamaza ni neno moja, na kujivuna ni lingine. Nasi twasikia marehemu alizoea kumwita jirani yake mshenzi. Hapo, kwa heshima zote, alipita mpaka.

Lakini aibu yenyewe ni ya nani? Mtoto aliyekamatwa akiwinda ndege shambani, akafungwa kamba, akauzwa, ametenda kosa gani? Kosa ni la aliyemkamata, na la aliyemwuza, na la aliyemnunua. Basi mjukuu achomaye hati kwa kuona haya anakubaliana na wale watatu juu ya thamani ya babu yake.

Wako waliochukua njia nyingine. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano watumwa ambao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akawekwa kasisi mwaka 1890. James Mbotela, ambaye baba yake alikombolewa utumwani, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, wala hakuificha habari ya wazee wake. Tena Waisraeli waliamriwa kumwambia kila mtoto aulizaye kwamba baba zao walikuwa watumwa wa Farao. Naye Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumwacha Rahabu wala Ruthu mgeni.

Imebaki habari ya posa, nayo ndiyo ngumu. Wako wakwe ambao hata leo huuliza asili kabla ya kuuliza tabia. Sisi twaona kwanza aambiwe binti mwenyewe, aambiwe na baba yake, wala si na watu wa kisimani. Kisha wakwe waonyeshwe hati kabla mahari haijapokelewa. Wakitaka kurudi, warudi mapema.